Sura ya 6: Je, Fundi wa Jua Kali Anaweza Kujenga Ndege Ikapaa?

Swali hili huulizwa sana Migori na Homa Bay, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Fundi wa Awendo huokota vyuma chakavu akaunda trela la kubeba miwa hadi kiwandani. Fundi wa Macalder hufufua injini ya kusagia mawe ya dhahabu ambayo wengine walishaikatia tamaa. Fundi wa mashua wa Mbita hupima mbao kwa jicho, akazikunja na kuziunga, na chombo chake kikashuka ziwani kikabeba wavuvi, nyavu na injini ya Yamaha. Watu kama hawa wakitazama juu wakaona ndege ndogo ikishuka, hujiuliza: ile nayo si chuma na injini tu?

Na ndege ndogo wanaziona. Kiwanja cha Lichota mjini Migori hupokea ndege za watalii kutoka Masai Mara. Watalii hao huteremka hapo, wakapanda gari hadi Isebania, wakavuka mpaka kuingia Sirare, kisha wakapanda ndege nyingine Tarime kuelekea Serengeti. Homa Bay nayo ina kiwanja cha Kabunde, na visiwa vya Rusinga na Mfangano vina viwanja vyake vidogo. Mtoto anayechunga mbuzi kando ya viwanja hivi amezoea mlio wa injini ya ndege kuliko mlio wa treni, ambayo huenda hajawahi kuiona.

Jibu langu kwa swali ni ndiyo, anaweza. Maelfu ya watu wasio wahandisi wameshajenga ndege katika gereji, ghala na hata sebule zao, wakazirusha na kurudi salama. Ila hawakufanya vile wengi wetu tunavyodhani. Hawakuanza kwa kubuni. Walinunua michoro ya ndege ambayo tayari ilikuwa imepaa, wakaifuata kipande kwa kipande, na kila hatua kubwa wakamwita mtu mwingine aje aikague. Sura hii inaeleza kwa nini tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ndege itapaa na kama rubani wake atarudi nyumbani.

Ni ndege ya namna gani?

Ninaposema ndege ya kujijengea, nina maana ya ndege ndogo ya kiti kimoja ambayo mbunifu wake aliichora akijua kwamba atakayeijenga ni mtu wa kawaida mwenye vifaa vya kawaida: msumeno, randa, drili, vibano vingi na meza ndefu iliyonyooka. Ni ndege ya michezo. Haibebi samaki wala haimkimbizi mgonjwa hospitalini, na anayeahidi hayo kwa ndege ya kiti kimoja anawapotosha watu. Inambeba rubani peke yake, asubuhi yenye hewa tulivu, kwa saa moja au mbili.

Mfano mzuri ni ndege inayoitwa Taylor Monoplane. Mwingereza John Taylor aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1950 katika chumba cha nyumba yake mjini Ilford, kando ya London, na ikapaa mara ya kwanza mwezi wa Julai 1959. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, hayafiki mita 6 na nusu. Ikiwa tupu ina uzito usiofika kilo 200, na ikiwa na rubani na mafuta hukaribia kilo 280. Mwili wake ni mbao na plaiwudi, na mabawa yamevikwa kitambaa. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 38 tu. Baadaye wajenzi wengi waliifunga injini ya Volkswagen, ile ya gari dogo la mgongo wa duara ambalo wazee wetu wanalikumbuka vizuri.

Nguvu za farasi 38 zinasikika kuwa chache, lakini pikipiki ya Boxer ya cc 150 inayobeba abiria watatu kwenda Rongo ina takriban nguvu 12. Mfaransa Michel Colomban alibuni ndege inayoitwa Cri-Cri, iliyopaa mwaka 1973 ikiwa na injini mbili ndogo ambazo zikijumlishwa hazikufika nguvu 20. Kwa hiyo uhaba wa nguvu za injini si kikwazo chetu. Injini zenye nguvu ya kutosha zimejaa barabarani. Ugumu uko kwenye uzito wa injini hiyo, kasi ya mzunguko wake, na pale inapofungwa.

Kwa nini zile za kwenye habari hazipai

Afrika Mashariki imekuwa na wajenzi wake. Karibu mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana nchi nzima kwa ndege aliyoijenga nyumbani akitumia maarifa aliyoyakusanya kwenye intaneti na injini ya gari la Toyota. Jaribio lile halikufaulu, naye hakuacha. Aliendelea kujenga nyingine. Mwaka 2011 Chris Nsamba wa Uganda alionekana kwenye vyombo vya habari vya kimataifa akiunda ndege nyuma ya nyumba ya mama yake Ntinda, Kampala, akisaidiwa na vijana wa kujitolea. Nawaheshimu watu hawa. Walithubutu mahali ambapo wengi wetu tuliishia kusema tu. Na kwa kuwa nawaheshimu, naona ni afadhali tueleze ugumu waliokumbana nao badala ya kuwapigia makofi na kuondoka.

Tuanze na propela, yaani lile pangaboi la mbele linaloivuta ndege. Injini ya kisasa ya gari dogo hutoa nguvu zake kubwa inapokaribia mizunguko 6,000 kwa dakika. Chukua propela yenye upana wa mita 1 na nusu. Ncha yake ikizunguka mara moja husafiri karibu mita 4.7. Mizunguko 6,000 kwa dakika ni 100 kwa sekunde, basi ncha hiyo inakimbia mita 470 kwa sekunde. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika hewa yenye joto la kwetu. Ncha ya propela ikikaribia mwendo wa sauti, na zaidi ikiupita, hewa huivurugikia. Kelele inakuwa kubwa mno, lakini mvuto unapotea. Watu waliosimama kando wataapa kwamba injini ina nguvu za ajabu, huku ndege ikiburuzika tu ardhini.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuweka gia au mkanda wa kupunguza mzunguko kati ya injini na propela. Kifaa hicho huongeza uzito, na mitikisiko ya injini hukivunja upesi kama hakikupigiwa hesabu sawasawa. Ya pili ni kutafuta injini inayotoa nguvu ya kutosha ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Hiyo ndiyo sababu wajenzi wa dunia nzima waliipenda Volkswagen: ikiwa kwenye mizunguko 3,000 na kitu inatoa nguvu za kutosha, propela hufungwa moja kwa moja kwenye krankishafti yake, na inapozwa na upepo, bila rejeta wala maji.

Jambo la pili halionekani kwa macho, na ndilo linaloua. Ni kitovu cha uzito, yaani ile sehemu moja ambapo ukiining'iniza ndege kwa kamba itatulia sawa, bila kuinama mbele wala nyuma. Kila mwenye bodaboda ameshaona gunia la mahindi lililofungwa nyuma sana likiinua gurudumu la mbele hadi usukani ukawa mwepesi na pikipiki ikawa haishikiki. Ndege iliyozidiwa uzito nyuma hufanya hivyo hivyo, ila iko angani. Pua inapanda, mwendo unapungua, bawa linafikia mahali haliwezi tena kubeba, na rubani akisukuma usukani mbele hakuna kinachoitika.

Nafasi ya kosa ni ndogo mno. Kwa ndege nyingi za aina hii, kitovu cha uzito kinaruhusiwa kusogea kati ya takriban asilimia 15 na 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wake wa mbele. Bawa lenye upana wa mita 1.2 linakupa kama sentimita 18 tu za kuchezea. Rubani mnene kuliko mbunifu alivyotarajia, betri iliyohamishiwa mkiani, au injini nzito kuliko ile iliyochorwa, vyote vinaweza kukutoa nje ya sentimita hizo. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Unahitaji mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ndege ikiwa imesawazishwa kwa pima maji, rubani akiwa kitini, na hesabu ya kuzidisha na kugawa. Mizani za wanunuzi wa mahindi au samaki zinatosha kama zimehakikiwa.

Kwa ufupi hadi hapa: nguvu ya injini ni sehemu moja tu. Mzunguko wa propela usipoangaliwa, ndege haipai. Kitovu cha uzito kisipopimwa, ndege inapaa na kumwangusha mwenyewe.

Michoro ambayo imeshapaa

Sasa fikiria kwamba maswali haya yote, na mengine mengi ambayo sijayataja, mtu mwingine ameshayajibu. Ameshachagua injini, ameshaipigia hesabu propela, ameshaupima mhimili wa bawa. Ameirusha ndege yenyewe, ikamwonyesha makosa yake, akayarekebisha, kisha akaweka kila kitu kwenye karatasi zenye vipimo. Hiyo ndiyo michoro ya ndege ya kujijengea. Bei yake, ukilinganisha na injini, ni ndogo sana.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Mbrazili Alberto Santos-Dumont, aliyekuwa akiishi Ufaransa, alibuni ndege ndogo ya mianzi na kitambaa iliyoitwa Demoiselle, na michoro yake akaiacha itumiwe na yeyote. Mwaka 1910 ilichapishwa Marekani katika jarida la mafundi. Hiyo ni miaka 7 tu tangu ndege ya kwanza yenye injini ipae duniani.

Mwaka 1933 Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege yake ndogo ya mabawa mawili yaliyofuatana, moja mbele na moja nyuma. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kuijenga. Watu wa Ufaransa na Uingereza waliipenda kwa wazimu, kwa sababu hatimaye kinyozi na karani waliona nao wanaweza kupaa. Kisha ikaanza kuua. Ilikuwa ikiinamisha pua na kuingia mbizi, na marubani wakashindwa kuitoa. Mwaka 1936 wataalamu waliiweka kwenye bomba kubwa la upepo la kupimia ndege, wakaona kwamba katika mkao fulani bawa la mbele na la nyuma huvurugiana hewa, na nguvu ya kuinua pua hupotea. Ikapigwa marufuku. Mignet alikuwa mtu mwerevu, na yeye mwenyewe aliirusha ndege yake salama mara nyingi. Hiyo haikutosha, kwa kuwa hitilafu ile ilijificha kwenye kona ambayo mikono yake mwenyewe haikuwa imeifikia.

Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kwa kijana wa Rongo au Ndhiwa anayetaka kubuni umbo lake mwenyewe. Akili yake siitilii shaka. Ila umbo jipya huficha siri zake mpaka liruke saa nyingi, tena mikononi mwa watu tofauti.

Hata michoro iliyopaa haikomi kujifunza. Mwaka 1971 Mmarekani Richard VanGrunsven alirusha RV-3, ndege ya bati ya kiti kimoja, na kampuni iliyotokana nayo imewezesha zaidi ya ndege 11,000 za kujijengea kupaa. Lakini RV-3 kadhaa zilivunjika mabawa angani, na miaka ya baadaye bawa lake likachorwa upya. Habari hiyo iliwafikia wenye ndege hizo kwa sababu walikuwa wakijulikana: kila aliyenunua michoro ana namba yake, na onyo likitoka linamfikia. Anayejenga ndege ya kichwani mwake ana ndege moja tu duniani. Hakuna atakayemwandikia kumwambia kwamba huko Australia umepatikana ufa kwenye boliti ya tatu.

Mbao, gundi na kitambaa

Kama ningemshauri fundi wa pwani ya ziwa, ningemwelekeza kwenye ndege ya mbao. Ujuzi anao, vifaa anavyo, na mbao humwonyesha kosa lake kabla halijawa kubwa.

Hata hivyo, mbao za ndege si zile za dari. Nyuzi zake lazima ziende sambamba na urefu wa mbao. Kanuni inayotumika ni kwamba katika kila sentimita 15 za urefu, nyuzi zisiteleze upande kwa zaidi ya sentimita 1. Mbao yenye fundo, au iliyopinda nyuzi, inaweza kuwa nzuri kwa meza na bado ikavunjika kwenye mhimili wa bawa kama biskuti kavu. Mti unaopendwa ni sprusi wa Amerika Kaskazini, kwa kuwa ni mwepesi, una nyuzi ndefu na umepimwa kwa miaka mingi. Fundi atauliza kama hawezi kutumia mti wa hapa. Huenda ikawezekana, lakini mti huo utahitaji kupimwa nguvu na uzito wake kwa mashine, ubao kwa ubao, na hiyo ni kazi ya maabara ya chuo cha ufundi.

Gundi ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu hapo fundi mzuri hutambulikana. Kila siku anapochanganya gundi ya epoksi kwa ajili ya kuunga mbavu za bawa, anaunga pia vipande viwili vidogo vya mbao ile ile, kwa gundi ya kikombe kile kile, na kuviandika tarehe. Vikikauka anavibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo mpaka vivunjike. Kisha anatazama mahali vilipoachana. Ikiwa mbao ndiyo iliyochanika, na nyuzi zake zimebaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, gundi ni nzima. Ikiwa vimeachana kwenye mstari wa gundi, vikiwa laini na vinang'aa, kila kitu alichounga siku hiyo kinatupwa. Hakiwekwi kando wala hakipewi nafasi nyingine. Nimeona mafundi hodari wakisitasita hapo, maana mbao ni pesa na kazi ni jasho. Anayeshindwa kukitupa kipande hicho asiendelee na bawa.

Baada ya hapo bawa huvikwa kitambaa cha poliesta, hubandikwa kwa gundi yake, kisha hupigwa pasi ya kawaida ya umeme kwa joto lililopimwa. Kitambaa hunywea na kukaza hadi ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Halafu hupakwa rangi za kukikinga na jua.

Unyevu wa ziwa ni adui wa kazi hii yote. Mbao zikae ndani, juu ya viunzi, mbali na ukuta na mbali na mchwa. Kila tundu la ndani ya bawa lipakwe vanishi kabla halijafungwa, na liachiwe kitobo cha kutoa maji.

Hewa ya ziwani ni nyepesi

Hapa kuna jambo ambalo michoro ya Uingereza haitakuambia, na ni la kwetu hasa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji yetu iko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na joto huifanya nyepesi zaidi. Saa nane mchana, nyuzi 30 za joto, hewa ya ukingo wa ziwa ni nyepesi kama ile ambayo vitabu vya urubani huipa urefu wa mita 1,950 hivi.

Hewa hiyo humnyima rubani mara tatu. Injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo nguvu zake hupungua kwa kati ya moja ya sita na moja ya tano. Injini ya nguvu 55 inabaki na kama 45. Propela inapata hewa kidogo ya kusukuma. Na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito ule ule, takriban asilimia 10 zaidi. Ukiyajumlisha, kiwanja kilichotosha Uingereza kwa ndege ile ile kinaweza kuwa kifupi mno Homa Bay. Kwa hiyo anayejenga huku achague michoro inayoruhusu injini kubwa kidogo, apunguze kila gramu anayoweza, na azoee kuruka alfajiri.

Alfajiri ina faida nyingine. Mchana upepo wa ziwa huingia nchi kavu kwa nguvu, na mawingu ya radi hukua haraka. Ndege ya kilo 280 haina la kubishana na wingu la aina hiyo.

Kuna na wadudu. Wale wadudu wadogo wa ziwa wanaoinuka kama moshi huziba chujio la hewa la injini, na nyigu wa udongo hupenda kujenga ndani ya bomba jembamba linalompimia rubani mwendo wa ndege. Bomba hilo likiziba, rubani hajui anakwenda kasi gani. Kifuniko chake kishonwe kwa kitambaa chekundu chenye mkia mrefu, ili asisahau kukitoa.

Jicho la pili

Uingereza ina chama cha wajenzi wa ndege ndogo kilichoanzishwa mwaka 1946. Marekani ilipata chake mwaka 1953, kikianzia Milwaukee. Nguvu ya vyama hivi iko kwenye jambo moja: mkaguzi huja kwako kabla hujafunga. Bawa likishavikwa plaiwudi na kitambaa hakuna anayeona ndani. Kwa hiyo mjenzi huliacha wazi, mkaguzi anafika na tochi na kioo, anatazama kila muungano, anasaini kitabu, ndipo linafungwa.

Sisi tuna mafundi wengi na wakaguzi wachache, na hilo ndilo pengo ninalotamani lizibwe. Kenya ina klabu ya marubani ya zamani sana, Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927, na uwanja wa Wilson una wahandisi wa ndege wenye leseni. Migori na Homa Bay zina vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya. Kikundi cha watu sita au saba, chini ya chuo, chenye michoro moja, karakana moja na mhandisi mmoja anayeshuka kutoka Nairobi kila hatua inapokamilika, kingefika mbali kuliko fundi mmoja mwenye kipaji anayefanya kazi peke yake usiku. Na vijana sita wangebaki na ustadi wa kupima, kuandika na kukagua, ambao unahitajika pia kwenye mashua, lifti na mitambo ya umeme.

Mkaguzi atauliza maswali mengi. Haya ndiyo ya kwanza:

- Boliti hizi zimetoka wapi, na karatasi yake iko wapi? Boliti ya duka la vifaa vya ujenzi haijulikani nguvu yake.
- Vipande vya kupimia gundi viko wapi, na vimeandikwa tarehe?
- Umebadilisha nini kwenye michoro, na nani alikubali?
- Ndege imepimwa uzito lini, na rubani yupi alikuwa kitini?
- Mafuta yakikatika ghafla, utatua wapi?

Mbunifu naye hulipima bawa kwa uzito halisi. Ndege ya kilo 280 inayotakiwa kustahimili mara 3.8 ya uzito wake, kipimo cha kawaida kwa ndege zisizofanya michezo ya kupinduka, lazima mabawa yake yabebe zaidi ya kilo 1,060 bila kupinda moja kwa moja. Huwekwa yakiwa yamegeuzwa chini juu, kisha hupangwa mifuko ya mchanga kidogo kidogo. Ukitumia mifuko ya saruji ya kilo 50, ni zaidi ya mifuko 21, yote juu ya mbao ambazo mtu mmoja anaweza kuzinyanyua. Halafu huongezwa nusu yake tena, kuwa akiba kabla ya kuvunjika. Anayefuata michoro iliyopimwa harudii jaribio hili, na hiyo ni sehemu ya alichokinunua.

Sheria, leseni na siku ya kwanza

Kenya Civil Aviation Authority, iliyoundwa mwaka 2002 na inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013, ndiyo inayosajili ndege na kuamua kama inafaa kupaa. Ndege ya Kenya huandikwa herufi zinazoanza na 5Y. Kuirusha bila usajili na kibali ni kosa la jinai, hata kama ni shambani mwako. Watu wengi huikimbia mamlaka hii mpaka ndege ishakamilika, ndipo wakakataliwa na kulia kwamba serikali haipendi wabunifu. Iandikie kabla hujakata mbao ya kwanza. Afisa aliyeona michoro, kitabu cha kazi na picha za kila hatua ana kitu cha kukagua. Aliyeletewa ndege iliyofungwa tayari, isiyo na karatasi hata moja, hana la kufanya ila kukataa, nami ningefanya vivyo hivyo.

Rubani naye ni lazima awe na leseni. Leseni ya urubani binafsi huhitaji saa zisizopungua 40 za mafunzo angani, na ni gharama kubwa kwa kijana wa kwetu. Mjenzi si lazima awe rubani. Akikosa pesa za mafunzo, ndege yake irushwe kwanza na rubani mzoefu wa ndege ndogo zenye gurudumu la mkiani, maana hizo hugeuka vibaya ardhini mikononi mwa asiyezijua.

Siku ya kwanza haianzi na kupaa. Injini huwashwa ndege ikiwa imefungwa kamba, ikaachwa ikinguruma kwa muda mrefu, kisha hufunguliwa na kutazamwa kama kuna kinachovuja au kilicholegea. Hufuata kutembea kiwanjani polepole, halafu kwa kasi zaidi, kwa siku kadhaa, hadi rubani ajue breki na mkia vinaitikaje. Kiwanja kiwe kirefu, na msimamizi wake awe ameruhusu. Watazamaji wakae mbali, jambo gumu sana kwetu, maana ndege ikiwashwa kijiji kizima hukusanyika na watoto hukimbilia propela. Kazi ya kuwazuia apewe mtu maalumu, naye asiwe na kazi nyingine siku hiyo.

Kisha, asubuhi yenye utulivu, rubani hupaa, akazunguka juu ya kiwanja kwa dakika chache, akatua. Kwa kawaida Marekani huidai ndege mpya ya kujijengea saa 25 au 40 za majaribio, kulingana na injini na propela yake, ikiwa mbali na makazi ya watu na bila abiria. Katika kila mruko rubani anajaribu jambo moja tu: mwendo wa chini kabisa kabla bawa halijaacha kubeba, joto la injini ikipanda, mafuta inayokunywa kwa saa. Kila jibu huandikwa. Baada ya kila saa chache vifuniko hufunguliwa na boliti hukaguliwa upya, moja moja, na mtu mwingine asiye yule aliyezikaza.